Poto za sentimita 25 na nyuzi za kaboni: zitabeba etaje nyingine Bukavu?

Mjenzi_Ndendere (Bukavu)

Jambo wandugu. Naomba ushauri wa wanaojua vizuri kazi ya kuimarisha beto (zege) kwa nyuzi za kaboni na rezini ya epoksi (gundi ngumu).

Jengo liko Ibanda, kwenye mteremko. Ni R+2 (sehemu ya chini na etaje, yaani ghorofa, mbili juu yake), juu limefungwa na dale (sakafu ya beto) inayotumika kuanikia nguo. Lilimalizika mwaka 2005, kwa hiyo lilishapita tetemeko la tarehe 3 Februari 2008. Poto (nguzo) za chini ni sentimita 25 kwa 25, feri (nondo) nne za milimita 12, kadre (pete za feri) za milimita 6 kila sentimita 25. Matundu (nafasi kati ya poto) ni mita 4.5 kwa 4, dale sentimita 15, putre (mihimili) sentimita 25 kwa 40. Kuta za kugawanya vyumba ni matofali ya kuchoma. Semeli (misingi ya poto) za katikati ni mita 1.40 kwa 1.40.

Tumefanya karotaji (kukata vipande vya beto na kuvipima nguvu): beto ya poto za chini imetoa MPa 15, ya putre MPa 20. Putre moja ya mita 4.5 ina nyufa katikati upande wa chini, pana kama milimita 0.4.

Mwenye nyumba anataka etaje moja zaidi, kuta za matofali na mabati juu. Muuzaji anamwambia kwamba tabaka mbili za kitambaa cha kaboni cha gramu 300 kwenye poto zote za chini zinatosha. Maswali yangu: je, ni kweli? Putre nibandike kitambaa au bamba gumu la kaboni? Na kuta za matofali zinaweza kushikiliwa kwa njia hiyo hiyo?

---

Hesabu_za_Beto (Goma)

Ndugu, karibu. Umeleta vipimo, na hilo linatuokoa maneno mengi. Nitaanza na poto kwa sababu ndipo jibu lilipo.

Kitambaa cha gramu 300 kwa mita mraba kina unene halisi wa nyuzi wa milimita 0.167. Ugumu wake ni kama GPa 230, na hukatika kikivutika asilimia 1.5. Ukikizungusha kwenye poto hakibebi mzigo wa wima hata kidogo. Kazi yake ni kuibana beto isitanuke upande inapogandamizwa, na beto iliyobanwa hustahimili zaidi. Kwa hiyo faida yote inategemea namna kinavyobana.

Poto ya duara inabanwa sawasawa pande zote. Poto ya mraba inabanwa kwenye pembe, na katikati ya kila uso kitambaa hakisukumi karibu kitu. Kwa kanuni ya Kimarekani ACI 440.2R, poto yako yenye tabaka mbili na pembe zilizoviringwa kwa nusu kipenyo cha milimita 25 inaongezewa MPa 6. Inatoka 15 na kufika 21. Ukiviringa pembe kwa milimita 10 tu, unapata MPa 4.6. Poto ya duara yenye kipenyo cha sentimita 25, kwa kitambaa kilekile na tabaka zilezile, ingepata MPa 15. Muuzaji akikuonyesha matokeo ya maabara, muulize kwanza kama sampuli zilikuwa silinda. Karibu kila mara ni silinda.

Sasa mzigo. Uwezo wa poto yako ilivyo leo, pamoja na vipunguzo vya usalama, ni karibu kN 505 (kN 10 ni kama uzito wa tani moja). Mzigo wa jengo lilivyo leo, nikichukua dale, chokaa ya simenti na vigae, kuta za matofali kN 2 kwa mita mraba, watu na vitu kN 2, pamoja na vizidisho vya usalama, unafika kN 635 kwenye poto ya katikati. Soma namba hizo mbili tena. Poto za chini zimezidiwa leo, kabla ya etaje yoyote kuongezwa. Zimesimama kwa sababu vipunguzo na vizidisho vya usalama vimeliwa, na vyumba havijawahi kujaa vyote kwa wakati mmoja.

Ukizungusha tabaka mbili, uwezo unapanda hadi kama kN 670. Hapo umelifikisha jengo mahali lilipopaswa kuwa tangu 2005. Etaje mpya yenye mabati inapeleka mzigo kN 725. Haifiki.

Najua swali linalofuata: tabaka tatu? Kwenye karatasi tabaka tatu zinafika kN 755, na mtu asiyesoma kanuni yote atasaini hapo. Lakini iko sharti nyingine. Kanuni hiyo hiyo inataka jengo likipoteza nyuzi zote, kwa moto, kwa kugongwa na gari au kwa mtu kutoboa ukuta, bado lisianguke: poto bila kitambaa lazima ibebe mara 1.1 ya mzigo wa kudumu na mara 0.75 ya mzigo wa watu na vitu. Kwa etaje mpya hiyo ni karibu kN 590. Poto yako ina 505. Imeshindwa, na kuongeza tabaka hakubadilishi kitu kwa sababu sharti hii haihesabu kitambaa kabisa. Hata jengo la leo linagota hapo kidogo: linahitaji karibu kN 520.

Sharti hiyo si urembo wa vitabu. Epoksi inayokauka kwa joto la hewa huanza kulainika kati ya nyuzi joto 60 na 80. Nyumba nyingi za Bukavu zina duka au mgahawa chini, na mbabula (jiko la makaa) inawekwa karibu na poto. Moto wa duka dogo unalainisha gundi ndani ya dakika chache, muda mrefu kabla beto yenyewe haijaumia.

Ushauri wangu: poto za chini zivalishwe koti la beto yenye feri, na nyuzi za kaboni zihifadhiwe kwa sehemu ambazo zinafaa kweli.

---

Kitambaa_na_Rezini (Goma)

Nakubaliana na mkubwa hapo juu kuhusu poto za chini. Mimi nijibu juu ya putre, na juu ya kazi yenyewe, maana wengi wanaharibu mkononi kitu ambacho hesabu ilikikubali.

Kazi za nyuzi ziko za aina mbili. Kuna ile ambayo nyuzi zinabana tu, kama poto: hapo gundi inahitaji kugusa vizuri. Na kuna ile ambayo nguvu yote inapita kwenye gundi, kama chini ya putre: hapo ngozi ya beto ndiyo inayoamua. Kwa aina ya pili ACI haikubali beto iliyo chini ya MPa 17. Putre zako zina 20, zinapita. Kama zingekuwa na 15 kama poto zako, ningekuambia acha kabisa.

Kitambaa au bamba? Angalia namba hizi. Nyuzi hukatika kwenye asilimia 1.4 hivi ukishatoa kipunguzo cha mazingira. Lakini kwenye putre hazifiki huko, zinabanduka mapema zikichukua ngozi ya beto. Kwa beto yako ya MPa 20, tabaka moja ya kitambaa cha gramu 300 inabanduka kwenye asilimia 0.94. Tabaka tatu zinabanduka kwenye 0.54. Bamba la milimita 1.4 lenye ugumu wa GPa 165 linabanduka kwenye 0.38. Maana yake: ukiweka tabaka tatu hupati nguvu mara tatu, unapata mara 1.7. Bamba nene unalinunua kwa bei ya kaboni na kutumia kama robo ya uwezo wake. Kwa putre ya 25 kwa 40 yenye upungufu mdogo, tabaka moja au mbili za kitambaa upana wote wa chini, pamoja na mikanda ya umbo la U kwenye ncha zote mbili ili kuzuia ncha zisinyanyuke. Ukihitaji bamba, chimba mfereji kwenye beto inayofunika feri na ulizamishe humo kwa epoksi. Linashikwa pande mbili na kubanduka kunapungua sana. Lakini pima kwanza feri zako ziko ndani kiasi gani, maana kwenye putre nyingi za hapa zimefunikwa na sentimita moja na nusu tu na mfereji hauna nafasi.

Kabla ya yote, tegemeza putre kwa vigogo au vyuma vya kusimamisha na uipandishe kidogo. Nyuzi hazibebi mzigo uliokuwepo siku ya kubandika. Zinaanza kufanya kazi kwa mzigo unaokuja baada ya gundi kukauka. Ukibandika putre ikiwa imeshapinda na imejaa vitu, umeiwekea akiba ya siku nyingine, na feri za ndani zinabaki zimechoka vilevile.

Sasa hatua. Toa krepi (plasta) yote hadi beto. Ng'oa beto iliyokufa. Feri ikiwa na kutu, safisha kutu kuzunguka feri nzima, ziba kwa chokaa ya kurekebishia, ngojea ikomae. Kubandika kaboni juu ya feri inayoendelea kuota kutu ni kupoteza pesa, kwa sababu kutu inavimba na inasukuma ngozi ya beto pamoja na kitambaa chako. Nyufa za milimita 0.3 na zaidi zinapigwa sindano ya epoksi, kwa hiyo zako za 0.4 zinahusika. Kisha saga uso kwa mashine yenye diski ya almasi hadi uone graviye (kokoto). Usiishie kwenye maji ya simenti yaliyoganda juu, hiyo ngozi laini ya kijivu ndiyo inayobanduka kwanza. Vumbi linavutwa kwa mashine. Ufagio unalisukuma ndani ya vitundu.

Pembe: milimita 13 ndiyo kiwango cha chini, lakini lenga 25. Ukiviringa kwa 25 unaondoa kama sentimita moja kwenye ncha ya pembe, kwa hiyo pale feri ilipo karibu usisage, jenga pembe ya mviringo kwa chokaa ya epoksi. Pembe kali inakata nyuzi kama kisu, na huioni ikikata.

Unyevu. Bukavu mvua inaanza Septemba inaenda hadi Mei, kwa hiyo kazi ya nje ipangwe Juni hadi Agosti. Bandika karatasi ya plastiki ya sentimita 45 kwa 45 kwenye beto, ziba kingo zote kwa utepe, iache saa 16. Ukikuta umande ndani au beto imekuwa nyeusi, ngojea. Asubuhi karibu na ziwa beto inakuwa baridi kuliko hewa na umande unatua juu yake bila wewe kuuona. Joto la beto lazima lizidi kiwango cha umande kwa nyuzi 3 angalau. Anza saa nne, si saa moja.

Kuchanganya: kwa mizani, si kwa macho, kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo. Drili ya mwendo wa polepole, dakika tatu, ukikwangua kuta na chini ya ndoo. Changanya kidogo kidogo. Ndoo kubwa ya epoksi inajipasha moto yenyewe na kuganda ukiwa bado umeishika. Praimeri kwanza, halafu epoksi nzito ya kuziba vitundu, halafu rezini, kitambaa, rezini tena. Rola inasukumwa kufuata nyuzi, kutoka katikati kwenda nje, bila kurudi nyuma, ili hewa itoke na nyuzi zisikunjamane. Nyuzi zikipinda zaidi ya digrii 5 kutoka kwenye mstari, ni sentimita 8.7 kwa kila mita, kazi hiyo haikubaliki. Piga mstari wa kamba kabla ya kubandika.

Kipimo kinachokuambia ukweli ni cha kuvuta. Unabandika kisahani cha chuma cha milimita 50, unakata kuzunguka, unavuta kwa mashine ndogo ya mkono. Kinatakiwa MPa 1.4 au zaidi, na kivunjike ndani ya beto. Kikitoka na kitambaa kikiwa safi mgongoni, gundi imeshindwa na kila kitu cha siku ile kina mashaka. Fanya kwanza kwenye beto tupu kabla hujanunua chochote. Ikivunjika kwenye 0.8, umejua mapema na hujapoteza dola hata moja ya kaboni.

Siku ya pili gonga uso wote kwa sarafu. Mlio wa debe tupu ni hewa chini. Doa dogo la chini ya milimita mraba 1300, kama sentimita 3.6 kwa 3.6, linavumiliwa madoa yasipozidi kumi kwa mita mraba na jumla isifike asilimia 5 ya eneo. La ukubwa wa kati linapigwa sindano. Linalozidi milimita mraba 16 000 linakatwa na kuwekewa kiraka chenye mapishano. Mwisho rangi ya kukinga jua, kwa sababu epoksi inageuka unga ikipigwa na jua miaka.

---

Mjenzi_Ndendere

Aksanti sana wakubwa. Hesabu ya kupoteza nyuzi zote sikuwa nayo kabisa, nimeipeleka kwa mwenye nyumba kama ilivyo.

Bado maswali mawili. Bidhaa zinapita Ruzizi kutoka upande wa Rwanda, na kitambaa cheusi kinauzwa bila karatasi zozote. Nitajuaje kwamba ni kaboni na kwamba ni gramu 300? Na poto za etaje ya kwanza na ya pili, karotaji zake ni MPa 18, nazo zivalishwe koti la beto?

---

Kitambaa_na_Rezini (Goma)

Kata kipande cha sentimita 50 kwa 50, kipime kwenye mizani ya duka la dhahabu: gramu 75. Kikitoa 50, umeuziwa cha gramu 200, na unene wa nyuzi ni milimita 0.111. Hesabu yako yote imepungua theluthi moja hapo hapo. Usikubali unene uliopimwa kwa kalipa, kitambaa kina hewa katikati ya nyuzi na namba hiyo haina maana.

Kujua kama ni kaboni: chukua mita ya fundi umeme, weka kwenye ohmu, shika uzi mmoja ncha mbili. Kaboni inapitisha umeme. Nyuzi za kioo zilizotiwa rangi nyeusi hazipitishi. Kioo si kibaya, ila ugumu wake ni chini ya theluthi moja ya kaboni, na chini ya mzigo wa kudumu kinachoka: kanuni inaruhusu asilimia 20 tu ya nguvu yake kwa mzigo unaokaa, kaboni inaruhusiwa 55. Kwa sababu hiyo hiyo ya umeme, zimeni tablo (kisanduku kikuu cha umeme) kabla ya kukata kitambaa ndani ya nyumba, vumbi la kaboni likiingia linapiga shoti. Na kaboni isiguse feri wala chuma kingine moja kwa moja, chuma kitaliwa na kutu. Weka tabaka nyembamba ya nyuzi za kioo katikati.

Rezini: angalia tarehe. Kopo la upande wa rezini likiwa na chembe kama sukari chini, limeganda kwa baridi njiani. Lipashe kwenye maji moto ya nyuzi 50 hadi 60 hadi liwe wazi kabisa, liache lipoe, ndipo upime. Likitumiwa na chembe zake, uwiano si ule tena na gundi inabaki laini.

Poto za juu zenye MPa 18 na mzigo mdogo, hapo ndipo kitambaa kina maana. Kadre za 6 kila sentimita 25 ni chache mno kwa mji unaotetemeka. Poto ikiyumbishwa, feri za wima zinapinda nje kati ya kadre mbili na kichwa cha poto kinasagika. Kitambaa kinafanya kazi ya kadre zilizokosekana. Japani walifunga poto nyingi za madaraja namna hiyo baada ya tetemeko la Kobe la 1995. Sehemu ya hatari ni juu na chini ya poto, na ukiwa na bajeti ndogo funga hapo tabaka mbili, katikati tabaka moja.

Kwa kununua: mzunguko wa poto yako pembe zikishaviringwa ni sentimita 96. Tabaka mbili zilizozungushwa mfululizo, pamoja na mapishano ya sentimita 20, ni mita 2.12 kwa kila mkanda. Kwa urefu wa mita 2.6 unatumia kama mita mraba 5.5 za kitambaa kwa poto moja, kilo 5 hadi 6 za rezini, na praimeri chini ya kilo moja. Ongeza asilimia 10 ya upotevu. Mapishano ya mkanda huu na wa juu yake yasikae uso mmoja wa poto, yapeleke upande mwingine.

---

Fundi_wa_Kamalondo (Lubumbashi)

Wandugu wa Kivu, naongeza jambo la joto, kwa sababu jengo hili lina dale juu na huku kwetu ndipo kazi nyingi zinaharibika. Dale isiyo na kivuli inapigwa na jua la Oktoba siku nzima. Kanuni ni kwamba joto la kazi libaki nyuzi 15 chini ya kile kiwango ambacho epoksi inaanza kulainika. Epoksi ya kiwango cha 60 ina ruhusa hadi 45 tu, na uso mweusi juani unapita hapo bila shida. Ukiimarisha dale upande wa juu, pale juu ya putre inakovutika, soma karatasi ya rezini, chagua yenye kiwango cha juu, na funika kwa chokaa nyeupe au skridi (tabaka ya simenti). Upande wa chini wa dale ni salama zaidi.

Kwa wenye mabwawa na sakafu za viwanda vya shaba huku Katanga: kaboni haijali asidi ya sulfuriki, beto ndiyo inaliwa. Ukibandika kitambaa kwenye beto iliyolowa asidi bila kuikata hadi kufikia beto isiyoliwa, kazi hiyo itadumu miezi michache tu.

---

Hesabu_za_Beto (Goma)

Mzee wa Lubumbashi amesema vizuri.

Ndugu Ndendere, swali lako la kuta tulilipita. Kwa matofali, epoksi si chaguo la kwanza. Ukuta wa matofali ya kuchoma unapumua unyevu, na epoksi inaufungia ndani hadi uso wa tofali unamenyuka. Matofali yetu pia ni laini, ngozi yake inatoka kabla kaboni haijafanya lolote. Tumia wavu wa nyuzi za kioo zinazostahimili alkali, au wa basalti, ndani ya chokaa ya simenti na chokaa nyeupe. Krepi ya zamani inatolewa, viungo vinachimbwa sentimita moja na nusu, ukuta unaloweshwa, tabaka ya milimita 5, wavu unakandamizwa ndani, tabaka nyingine ya milimita 5. Pande zote mbili za ukuta, na viunganishi vinavyopenya ukuta vinne hivi kwa mita mraba. Bila viunganishi, ukuta ukitikiswa chokaa inasimama peke yake na matofali yanamwagika nyuma yake. Wavu lazima uungwe na putre juu na poto pembeni, maana kuta za kujaza huanguka zima zima kwenda nje.

Wavu wa kioo wa kawaida unaouzwa kwa ajili ya rangi na plasta ya ndani usiutumie. Simenti inaula. Kama pesa hakuna, mikanda ya plastiki ya kufungia mizigo, ikisukwa kuwa wavu na kufungwa pande mbili za ukuta kwa waya inayopenya, kisha krepi juu, ni njia iliyofanyiwa kazi katika Chuo Kikuu cha Tokyo hasa kwa nyumba za matofali za watu wasio na pesa. Haizuii ukuta kupasuka. Inazuia kumwagika juu ya mtu aliyelala.

Sasa nirudi chini, kwenye semeli, ambazo hakuna kitambaa kinachozigusa. Mzigo wa kazi wa poto ya katikati leo, bila vizidisho, ni karibu kN 500. Kwa semeli ya 1.40 kwa 1.40 ni shinikizo la kPa 255 kwenye udongo. Ukiongeza etaje na koti la beto unafika 295 hivi. Udongo mwekundu wa mfinyanzi wa Bukavu, kwenye mteremko, mvua ikiloweka, haupewi namba hiyo bila kipimo. Chimba shimo pembeni ya semeli mbili, moja upande wa juu wa mteremko na moja wa chini, fika chini ya semeli, na ufanye jaribio la penetrometa (chuma kinachosukumwa ardhini kupima ugumu wa udongo). Angalia pia maji ya mvua ya dale ya juu yanamwagika wapi. Kama yanaishia kwenye msingi wa upande wa chini, mfereji wa kuyatoa ni kazi ya kwanza kabla ya kaboni na kabla ya koti.

Kipimo kikikataa, etaje haijengwi, na mwenye nyumba aambiwe hivyo wazi. Kikikubali, koti la poto za chini liwe hivi: sentimita 10 kila upande, poto inakuwa 45 kwa 45. Beto ya zamani igongwe iwe na mabonde ya milimita 5 hadi 6. Feri nane za 14, zianze ndani ya semeli kwa kutobolewa na kugandishwa na epoksi, zipite kwenye dale kwa mashimo pembeni mwa putre. Kadre za 8 kila sentimita 10 kwenye mita 0.6 za juu na za chini, kila 15 katikati. Semeli nayo ipanuliwe wakati huo huo ukiwa umeshachimba. Graviye isizidi milimita 10, la sivyo inakwama kati ya feri na koferaji (mbao za kumiminia beto). Mimina kupitia mashimo ya dale. Ukimimina kwa dirisha la pembeni, sentimita chache za mwisho chini ya putre zinabaki tupu, na koti lisilogusa putre halipokei mzigo. Pengo likibaki, lijaze kwa chokaa isiyosinyaa, ikisukumwa kwa nguvu, siku saba baadaye. Na putre zote zinazokaa juu ya poto hiyo zitegemezwe kabla ya kugonga beto, kuanzia chini hadi etaje ya pili, poto moja baada ya nyingine, kamwe si mbili jirani kwa wakati mmoja.

---

Mjenzi_Ndendere

Nimeelewa. Mashimo ya semeli tunachimba wiki ijayo kabla ya kununua chochote, moja juu na moja chini ya mteremko kama ulivyosema. Mabomba ya maji ya dale kweli yanaishia kwenye kona ya chini. Nitaleta namba za penetrometa hapa.

---

Hesabu_za_Beto (Goma)

Leta pia picha ya feri za semeli ukizifikia, na upime semeli ina unene gani. Semeli ya sentimita 25 kwa mzigo huo inaweza kutobolewa na poto hata kama udongo umekubali.